Louis Chevrolet, fundi aliyeachia kampuni jina lake

Hapa Likasi kila mutu anajua Chevrolet. Wazee wetu walikuwa wanasema Shevrole, na wakisema vile walikuwa wanawaza kamyoneti ngumu yenye kubeba mifuko ya makala mupaka resori zinalia. Vijana wa leo wanajua ile alama yake, sawa musalaba wenye kulala. Lakini ukiuliza Chevrolet ni nani, watakujibu: ni kampuni. Hapana. Mbele ya kuwa kampuni alikuwa mutu wa nyama na damu, fundi wa mekanike, mwenye kusema Kifaransa, na alikufa karibu masikini mu mwaka wenye ile kampuni ya jina lake ilikuwa inauza motokari kupita kampuni zingine zote za Marekani.

Mu sendika tunaombwa kila mara kusomea wafanyakazi mikataba mbele ya kutia sinyatire. Mimi ninaanzaka na habari ya huyu mutu. Leo ninaiandika yote, juu mu mukutano hakuna wakati.

Louis Joseph Chevrolet alizaliwa tarehe 25 desemba 1878, siku ya Noeli, ku La Chaux-de-Fonds, muji wa Uswisi wenye kujulikana kwa kazi ya saa. Baba yake naye alikuwa fundi wa saa. Kisha familia ikahamia Ufaransa, ku Beaune, mu jimbo la Bourgogne, kwenye wanafanya divai. Arthur, ndugu yake, alikuwa amezaliwa 1884. Gaston, mudogo, alizaliwa kule Beaune mu 1892. Hawakuwa watu wa feza. Louis aliingia mapema mu atelie ya kutengeneza kinga. Ile kazi ya baba, ya kuangalia kijino kidogo cha saa mupaka macho inachoka, ilibaki mu mikono yake, hata kama mikono yenyewe ilikuwa mikubwa. Alikuwa mutu murefu, mabega mapana, mustashi muzito. Alishinda mashindano mengi ya kinga. Wanasimulia pia kama alitengeneza pompi ya kutosha divai mu mapipa. Na kuko hadisi ingine ya tajiri Vanderbilt wa Marekani, kama motokari yake iliharibikia Beaune na kijana Louis akaitengeneza, tajiri akamwambia aende Marekani. Ile mimi siiamini sana. Kila fundi mukubwa wanamutafutia tajiri wa kumuona.

Chenye kujulikana ni kama alienda Paris kufanya kazi kwa kampuni ya motokari Mors, na mu 1900 akavuka bahari mupaka Montreal, Kanada. Hakukaa kule. Akashuka New York, akapata kazi ku Brooklyn, kwenye Wafaransa wa De Dion-Bouton walikuwa na kiwanda. Nyuma akaingia kwa Waitalia wa Fiat, na mu 1905 wakamupa motokari ya mashindano. Mwaka ule ule akaoa Suzanne Treyvoux, na akamushinda Barney Oldfield, dereva mwenye Marekani yote ilikuwa inamujua. Kwa siku moja tu, fundi wa kuja akawa mutu wa magazeti.

Tukumbuke mashindano ya wakati ule yalikuwa nini. Hakukuwa mukaba wa kufunga mutu. Hakukuwa kofia ngumu. Pembeni ya dereva alikaa mekanisie, kazi yake kupompa mafuta na kuangalia nyuma. Mupira ukipasuka, munakufa wote wawili. Louis alivunjika mara nyingi, akalala hospitali mara nyingi, na kila mara alirudia.

Hapa njo anaingia William Durant. Ule alikuwa mufanyabiashara wa Flint, mu jimbo la Michigan, mutu wa maneno matamu na hesabu kubwa. Alikuwa na Buick, na mu 1908 akaanzisha General Motors. Alitafuta madereva wa kutangaza Buick kwa mashindano, akachukua Louis na Arthur. Wanasimulia kama aliwashindanisha wale ndugu wawili ili achague mumoja wa kumuendesha yeye mwenyewe. Louis alishinda. Durant akachagua Arthur, juu Arthur hakupenda hatari. Hata kama ni hadisi, inaonyesha Durant alikuwa mutu wa namna gani: kila mutu alimuwekea bei yake.

Mu 1910 wenye banki wakamutosha Durant mu General Motors. Hakulia. Akatafuta jina lingine lenye watu wanapenda, na jina lilikuwa pale pale mbele yake. Tarehe 3 novemba 1911, ku Detroit, kampuni ya Chevrolet ikazaliwa. (Mu mwezi wa 6 wa mwaka ule ule, ku Lubumbashi, Union Minière ilimwanga mukuba wa kwanza wa Katanga. Radiatere za motokari za wakati ule zilikuwa za mukuba na shaba ya njano. Sisemi mukuba wetu uliingia mu Chevrolet ya kwanza, ninasema tu kama zile kazi mbili ziko na miaka moja.)

Louis akachora motokari sawa vile alikuwa anaiwaza: kubwa, nzito, nguvu. Ilikuwa na silindre 6, lita karibu 5, nguvu za farasi 40, na ilifika karibu kilometre 105 mu saa. Waliiita Classic Six. Bei: dola 2150. Wakati ule Ford T ilikuwa inauzwa karibu dola 600. Hapa njo ugomvi ulianzia. Durant alitaka kumupiga Henry Ford mu soko la watu wadogo. Louis alitaka jina lake liwekwe ku kitu chenye fundi mwenzake akifungua kapo atanyamaza. Watu wanapendaka kusema waligombana juu ya sigara, kama Durant alimuambia Louis aache sigara zake za kulamatisha ku midomo na avute sigara nene sawa tajiri. Inawezekana. Lakini mutu haachi kampuni juu ya sigara. Aliacha juu motokari yenye kubeba jina lake ilikuwa inaacha kuwa yake.

Akaondoka mwishoni mwa 1913, na hisa zake akaziachilia. Jina likabaki kwa kampuni.

Tusimame hapa kidogo. Durant akatosha motokari ya bei ndogo, Chevrolet 490, jina lake ni bei yake yenyewe: dola 490. Ilipendwa sana. Kwa feza ya Chevrolet, mu 1916 Durant akarudia kukamata General Motors yenyewe, na mu 1918 Chevrolet ikaingia ndani ya General Motors. Ile hisa yenye Louis aliachilia ingekuwa mali ya watoto wake na wajukuu wake.

Ku kivuko cha bia watu wanasema Durant alimuiba. Mimi sisemi vile. Hakuna aliyemushika mukono. Karatasi zilikuwa za sheria. Lakini kuko sheria, na kuko mutu mwenye hasira mbele ya karatasi. Mimi nimeona wandugu, mafundi wa miaka 25 ya kazi, kampuni sitaitaja, wamepewa dekonte finale ya kurasa 3 mu Kifaransa cha avoka, asubuhi, na saa sita walikuwa wamekwisha kutia sinyatire, juu watoto walikuwa wamefukuzwa ku masomo na mwenye nyumba alikuwa ku mulango. Mumoja wao aliniambia nyuma kama alisoma tu chiffre ya mwisho. Louis naye, ninawaza, alisoma tu jina la Durant na akataka kuondoka. Na Durant mwenyewe hakumaliza vizuri: alipoteza General Motors tena mu 1920, akafilisika mu 1936, na mwisho alikuwa anasimamia mahali pa muchezo wa kuviringisha mipira kule Flint. Alikufa 1947.

Sasa Louis hakuwa tena na haki ya kuandika Chevrolet ku motokari. Wazia ile. Akachukua jina la gavana wa zamani wa Wafaransa mu Kanada, Frontenac, na pamoja na Arthur na Gaston wakaanza kutengeneza motokari za mashindano. Mu motere ya Frontenac ya 1916 aliweka sehemu nyingi za aluminium, wakati wengine walikuwa wanamwanga chuma tu. Musomaji ashike hii ya aluminium, tutairudilia.

Mashindano makubwa ya Marekani ni ya Indianapolis, mailo 500, yaani kilometre 800. Tangu 1913 yalikuwa yanashindwa na motokari za Ulaya: Peugeot, Delage, Mercedes. Louis alikimbia pale mara 4 na hakushinda. Mu 1919 alikuwa wa 7. Mu 1920 Gaston, ule mutoto wa mwisho, akashinda, mu motokari yenye kuitwa Monroe, kazi ya mikono ya kaka yake. Ilikuwa motokari ya kwanza ya Marekani kushinda pale tangu 1912. Furaha ilidumu miezi 6. Tarehe 25 novemba 1920, ku Beverly Hills, mu kiwanja cha mbao, Gaston aligongana na mwenzake Eddie O'Donnell na wakakufa. Gaston alikuwa na miaka 28. Louis akaacha kuendesha mashindano. Mu 1921 Tommy Milton alishinda Indianapolis na Frontenac, kwa hiyo motokari za Louis zilishinda mara mbili mu miaka miwili, lakini yeye alikuwa anaangalia kutoka pembeni.

Na hapa njo tunafika mahali penye mimi ninapenda kupita pengine pote.

Kampuni ya Frontenac haikupata feza ya kutengeneza motokari za kuuzia watu. Wakabaki na atelie ku Indianapolis. Barabarani kulikuwa Ford T mamilioni. Ford T ni motokari ya masikini: motere ya lita 2,9, nguvu za farasi 20 tu, supape zake ziko pembeni mu bloki, na hewa yenye benzini inapita kona mbili mbele ya kuingia mu silindre. Inakohoa, lakini inafika. Louis na Arthur wakawaza: bloki tuiache, tubadilishe kulase. Wakatosha kulase ya Frontenac yenye supape juu, zenye kusukumwa na fimbo na vikono vidogo. Hewa inashuka muzima muzima ku kichwa cha pistoni, chumba cha moto ni kidogo, mukandamizo unapanda. Unafungua bulo za kulase ya Ford, unatosha, unaweka ile ya Frontenac pale pale. Nguvu zinaruka mara mbili, na kwa zile kali zaidi zinapita pale. Kulase zenyewe ziliuzwa kwa maelfu. Watu wakaita ile motokari Fronty-Ford.

Fundi yeyote wa Kikula atauliza mara moja: na vilbroken je? Swali la haki. Ile ya Ford T ilikuwa nyembamba, na mafuta yake yalikuwa ya kurushwa tu mu karteri, hakuna pompi. Ukiweka kichwa cha simba ku shingo ya mbuzi, shingo inavunjika. Wale wa mashindano walilazimishwa kuongeza pompi ya mafuta na kukaza chini. Lakini ilikubali. Mu 1923 L. L. Corum alipeleka Fronty-Ford ku Indianapolis, katikati ya Mercedes, Bugatti na Packard, na akamaliza wa 5. Wa 5, na bloki ya motokari ya mukulima! Mu mwaka wa 1924 Henry Ford mwenyewe alikuja kuwa refari wa mashindano, na zile Fronty zilikuwa pale tena. Ule mutu mwenye Durant alitaka kumupiga kwa jina la Chevrolet, ni Chevrolet mwenyewe alikuwa anamupatia heshima.

Vijana wetu wenye kutosha motere ya Toyota moja na kuiweka mu kasha ya ingine chini ya muembe, wajue kama kazi yao iko na wazee.

Na ile wazo ya kuweka motere kali mu motokari ya bei ya chini, kampuni ya Chevrolet ilikuja kuifanya yenyewe, nyuma ya kifo chake. Mu 1957 motokari yao ya bei ndogo kabisa ilikuwa Chevrolet 150. Bila mapambo, viti vya kawaida, motokari sawa ya pasta ao ya kutembeza bidhaa. Lakini ku karatasi ya kuagizia kulikuwa musitari mumoja wenye watu wengi hawakuusoma: ungeweza kuomba motere ya V8 ya lita 4,6 yenye enjeksio, nguvu za farasi 283, ile ile ya Corvette. Bei yake ilikuwa kali, kwa hiyo wachache sana waliomba. Aliyeomba alikuwa na motokari yenye kuonekana sawa ya pasta na kukimbia sawa mwizi. Mu 1969 walipita mupaka: muchuuzi mumoja wa Illinois aliagiza kwa mulango wa nyuma wa kampuni Camaro zenye motere ya ZL1, lita 7, bloki na kulase za aluminium. Kampuni iliandika nguvu za farasi 430, na mafundi walijua zinapita 500. Motere peke yake ilikuwa zaidi ya dola 4000, kupita bei ya Camaro yenyewe. Zilitengenezwa 69 tu, na zingine zilikosa munuzi, zikarudishwa ku kampuni. Leo matajiri wanazigombania kwa malaki ya dola. Aluminium, uzito mudogo, nguvu iliyofichwa mu motokari ya kawaida: ni mambo yenye Louis alikuwa anafanya kwa mikono yake mu 1916 na mu 1923, wakati hakuwa na ruhusa ya kuandika jina lake juu.

Turudie kwake. Mu 1929 yeye na Arthur waliingia mu kazi ya motere za ndege. Ndugu wakagombana, na mu oktoba ule ule soko la hisa la New York likaanguka na kila kitu. Mu miaka ya 1930 Louis, mwenye kupita miaka 50, akarudia Detroit kuomba kazi. Alipata kazi ya mekanisie mu kiwanda. Kiwanda gani? Cha Chevrolet. Kila asubuhi alipita chini ya jina lake ku mulango, akaenda kuvaa salopeti.

Nimewaza sana juu ya ile mulango. Wengine wanaona haya. Mimi sioni haya mu kufanya kazi. Haya, kama iko, ni ya wale wenye walikuwa ofisini juu.

Na ni mu ile miaka wafanyakazi wenzake wa Flint walifanya chenye hakuna Chevrolet wala Durant alifanya. Tarehe 30 desemba 1936 walikaa ndani ya viwanda vya General Motors, hawakutoka, mashini zimesimama. Kampuni ilingojea njaa iwatoshe. Tarehe 1 februari 1937 sendika ilijifanya inakamata kiwanda cha Chevrolet namba 9. Walinzi wote wakakimbilia pale. Na wakati ule ule wenzao wakakamata namba 4, kwenye motere za Chevrolet zote zilikuwa zinatengenezwa. Bila namba 4 hakuna Chevrolet hata moja inatoka. Siku 10 nyuma, tarehe 11 februari, General Motors ikatia sinyatire na kutambua sendika. Siku 44. Mukataba wenyewe ulikuwa mufupi sana. Lakini ule waliusoma mbele ya kutia sinyatire.

Louis hakufaidika. Damu ilikuwa imemupasukia mu bongo, mwili ukaregea, na mu 1938 yeye na Suzanne wakaenda Florida, kwenye jua. Kisha wakamukata muguu. Alikufa tarehe 6 juni 1941, miaka 62.

Mu desemba ya mwaka ule ule wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapa kwetu Panda, wakati muji ulikuwa unaitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mukubwa wa Wabelgiji. Waligoma pia Elisabethville, na kule, tarehe 9, askari walipiga masasi katikati ya watu. Jina la Jadot lilitoka ku muji wetu mu miaka ya 1960. Jina la Chevrolet liko bado ku motokari.

Walimuzika Indianapolis, mu makaburi ya Wakatoliki, karibu na Gaston.